Ziara ya siku moja Unguja kwa kikundi kidogo: lipieni, ila ratiba hiyo ipunguzeni kwanza

Mleta uzi, kwa ufupi umeuliza hivi: mnafika Unguja Ijumaa jioni, wewe, mkeo na mama mkwe, mnarudi Dar Jumapili. Jumamosi mmepewa ofa ya ziara ya kikundi cha watu wanane: mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu, Mji Mkongwe, msitu wa Jozani na pomboo wa Kizimkazi, vyote kwa siku moja. Unataka kujua kama mlipe au mjizungukie wenyewe kwa daladala. Nimekwenda kwa njia zote mbili, na watu wa kila aina, kuanzia wakwe hadi wafanyakazi wenzangu. Jibu langu ni kwamba kikundi kilipieni, lakini hiyo ratiba ya vitu vitano msiikubali.

Chukua ramani uone. Mashamba ya viungo yanayopokea wageni wengi, Kizimbani na Kindichi, yako kaskazini mashariki ya mji, mwendo wa nusu saa hivi. Jozani iko kusini mashariki, kama kilomita 35 kutoka mjini. Kizimkazi iko kusini kabisa, unaipita Jozani ndiyo uifikie. Changuu iko baharini. Anayekwambia mtaviona vyote siku moja hajakudanganya, mtaviona kweli, kwenye kioo cha gari. Nilishawahi kuwa ndani ya ziara ya namna hiyo. Msituni tulitembea kama watu wanaowahi boti, na shambani mwongozaji alichuma jani, akataja jina, akalitupa, akachuma jingine. Hakuna aliyeuliza swali, maana dereva alishaanza kupiga honi.

Watu wanadhani kikundi kidogo ni habari ya starehe, kwamba mtakaa kwa nafasi kwenye kiyoyozi. Mimi naona unachonunua pale ni muda wa mwongozaji. Watu wanane wanamsikia bila yeye kupaza sauti, na wanashuka garini kwa dakika mbili. Vichochoro vya Mkunazini na Kiponda huko Mji Mkongwe, mahali pengine, watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuze bega. Kundi la watu ishirini humo linageuka msafara: wa mbele wameshasimuliwa mlango, wa nyuma bado wanapisha Vespa. Kwa hiyo chochote kinachokula muda wa mwongozaji ndicho cha kukikagua kabla hujatuma hela. Vituo vingi vinaula. Maduka ya vinyago yanaula. Bahari inaula kuliko vyote, nitaieleza chini.

Na lugha pia inaula, ingawa sisi wa bara hatuifikirii. Waongozaji wengi wa Unguja wamezoea kusimulia kwa Kiingereza, Kitaliano au Kifaransa, na simulizi yao wameshaikariri neno kwa neno. Mkichanganywa na Wazungu, mwongozaji atasema dakika kumi kwa Kiingereza halafu awatupie ninyi sentensi mbili za muhtasari. Ombeni kikundi cha Kiswahili kitupu, hata kama ni kusubiri wajae. Mwisho wa wiki Waswahili hawakosekani.

Nakuambia kwa sababu niliona tofauti yenyewe. Tulikuwa Kizimbani, mwongozaji kijana wa Bububu, ameanza na ule wimbo wake wa kila siku: hii hiliki, ile pilipili manga, inatumika kwa chakula na dawa, twende. Mama mmoja wa Tanga aliyekuwa kwenye kikundi akamkatiza: "Mwanangu, pilipili manga unaitaja halafu unapita? Uji wa mzazi umeuacha wapi?" Kijana akacheka, akamwamkia upya, shikamoo mama. Kuanzia hapo simulizi ya wageni ikaisha, tukaanza kuzungumza. Akafukua mzizi wa mdalasini tuunuse. Gome lake kila mtu analijua, lakini mzizi unanukia kafuri kabisa, ile harufu ya dawa ya kujipaka mafua. Akapasua tunda la kungumanga, ndani kokwa imevikwa utando mwekundu kama uzi, ndiyo basibasi hiyo, na mama wa Tanga akaeleza yeye mwenyewe inakwenda kwenye pishi gani. Vanila tukaambiwa maua yake huku kwetu huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, ndiyo maana bei yake haishikiki. Karafuu nayo, kumbe huchumwa ikiwa bado kichomozo, kabla ua halijafunguka, kisha huanikwa juani siku kadhaa. Na ingawa wageni wanaonyeshwa mikarafuu ya Unguja, karafuu nyingi hasa inatoka Pemba, na mkulima anaiuza kwa shirika la serikali, ZSTC, peke yake. Hayo ya magendo ya karafuu alitusimulia vizuri sana, lakini si ya kuandikwa hapa.

Mama mkwe wako atafurahi kule. Ni kivuli kitupu, njia tambarare, na mwisho mnavishwa kofia na tai za makuti. Vijana wanaozisuka huwapa kwa tabasamu la bure, lakini si za bure. Wekeni noti ndogondogo mfukoni.

Mji Mkongwe ndipo mwongozaji mwenye muda anapopimwa. Kwenye kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, kila kikundi kinashushwa kwenye vyumba vya chini vyenye minyororo, kinaambiwa hapa walifungiwa watumwa, kinapanda juu. Soko lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultan Barghash, na jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisionari waliokuja baada ya hapo, kwa hiyo wapo wanaohoji kama vyumba vile viliwahi kuwa na watumwa hata siku moja. Mwongozaji aliyetulia atakwambia hilo bila kuombwa. Atakuonyesha pia duara kwenye sakafu ya kanisa, mbele ya madhabahu, panaposemekana palisimama mti wa kuchapia. Nje kuna sanamu za watu watano shimoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Hapo acheni mwongozaji anyamaze mpaka mwishe kuangalia. Kwenye ile ziara yangu ya mbio mbio tulipewa nafasi ya kupiga picha tu.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, msitegemee kuingia. Jumba hilo la Barghash la mwaka 1883 liliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, na watu walipoteza maisha. Mtaliangalia kwa nje mkielekea Forodhani.

Sasa bahari. Changuu ni kama nusu saa kwa boti kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe. Kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, Shelisheli, waliletwa huko mwaka 1919, na umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, kwa hiyo mtu mzima unajikuta unamwamkia mnyama. Gereza lililoko pale lilijengwa miaka ya 1890 na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, lakini halikuwahi kutumika kama gereza. Lilikuja kuwa karantini ya wasafiri wenye magonjwa. Kampuni nyingi huunganisha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda, na hapa ndipo watu wanapolia, kwa sababu Nakupenda ni fungu: maji yakijaa, halipo.

Usiulize "mnaondoka saa ngapi", uliza "Jumamosi hiyo maji yanakupwa saa ngapi". Mwongozaji akikujibu papo hapo, huyo ni wa baharini. Akikujibu "usijali, kila kitu kipo", jali. Unaweza kujikisia mwenyewe kwa kuangalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hukupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti ya kina inafika kama mita nne. Siku hizo nendeni baharini asubuhi, fungu mtalikuta jeupe na pana, mrudi mjini mchana. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Jumamosi ya maji mafu mimi ningeiacha bahari kabisa, ningekwenda viungo asubuhi na Mji Mkongwe alasiri jua likipoa.

Kwa mama mkwe kuna jambo jingine. Boti hupandwa ufukweni, miguu majini, wakati mwingine maji ya magoti. Vijana wa boti wanasaidia kwa heshima, lakini kama ana matatizo ya magoti au anaona haya kupandisha nguo mbele ya watu, mwambie mapema achague mwenyewe. Na kule kwenye fungu hakuna mti hata mmoja. Kivuli ni mwavuli au turubai mtakalokwenda nalo.

Jozani naipenda, ila si kwa siku hiyo. Kima punju, wale kima wekundu, kwa asili hawapatikani popote ila Unguja na visiwa vyake vidogo vichache, na wale wa karibu na barabara wamezoea watu kiasi kwamba unawaona vizuri bila darubini. Wana tabia moja ambayo wengi hawaamini mpaka waione: wanakula mkaa. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana sumu kidogo, na mkaa unawasaidia tumboni, kwa hiyo wanauokota hata kwenye majiko ya watu. Yale matuta mtakayoyakuta barabarani yamewekwa kwa ajili yao, magari yalikuwa yanawamaliza. Hii fanyeni Jumapili asubuhi kama boti yenu ni ya alasiri. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni, na mwongozaji wa hifadhi mnapewa hapo hapo getini, hivyo hamhitaji kampuni yoyote. Fikeni mapema, na njia ya mikoko upande wa Pete msiiache.

Kizimkazi kwa pomboo, ukiniuliza mimi, achaneni nayo. Boti nyingi zinamkimbiza mnyama mmoja, injini zinanguruma, watu wanarukia maji kichwani mwake. Kama mna hamu ya Kizimkazi, kuna msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na siku nyingi hamtakuta foleni ya mtu.

Kuhusu hela: bei ya kikundi isikutishe wala isikufurahishe mpaka ujue iliyomo. Uliza kiingilio cha kila mahali, boti, chakula cha mchana na kufuatwa hotelini, kimoja kimoja, na majibu yawe ya maandishi hata kwa WhatsApp. Raia wa Tanzania ana kiingilio chake sehemu nyingi, chini sana ya cha mgeni, kwa hiyo bei mliyopewa ikiwa kwa dola, waambieni wapige upya, na vitambulisho vya NIDA muwe navyo. Muulize pia idadi ya juu ya watu, maana "kikundi kidogo" cha kampuni moja niliyowahi kwenda nayo kilijaza Coaster. Mwongozaji awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Papasi, wale vijana wa mitaani wanaowinda wageni, watakaowafuata Forodhani na bei nusu ni wachangamfu na wengine wanaujua mji kweli, lakini siku ikiharibika hamna wa kumrudia.

Na mwongozaji mwambieni mapema: duka moja tu, tena mwisho wa safari. Hatakasirika. Anapata chochote dukani, ni riziki yake, lakini nusu saa ya vinyago asubuhi ndiyo ile nusu saa mtakayoikosa Mkunazini.

Mavazi mnayajua, mabega na magoti yafunikwe mjini, kanga moja ya ziada kwenye mkoba inatosha. Kama tarehe yenu inaangukia Ramadhani, chakula cha mchana kiwe hotelini au shambani, si barabarani. Na ikiwa ni masika, kati ya Machi na Mei, ulizeni kabla ya kulipa kama boti ikishindwa kutoka mnarudishiwa hela au mnahamishiwa viungo. Kampuni nzuri ina jibu la hilo tayari.

Tupia tarehe yenu hapa, nikuangalizie bamvua inaangukia siku gani.