Damu ikishatolewa kichwani, mwangalie mgonjwa kabla ya picha

Mzee akirudi nyumbani baada ya upasuaji wa damu iliyovilia kichwani, wanaokuja kumjulia hali huuliza: mmeshampeleka skani nyingine, kuona kama damu imekwisha? Kwetu Likoni, Mombasa, ami zangu walikuwa tayari kuchanga pesa za CT, yaani hiyo skani ya kichwa, wiki ile ile, ingawa babangu alikuwa akila, akiswali na kututambua sote. Daktari aliyempasua akasema hapana haja kwa sasa. Ukimuuguza mzazi, jibu kama hilo hulielewi mara moja. Waweza hata kudhani amepuuzwa.

Damu hii huwapata wazee zaidi. Ubongo hunywea kwa umri, vishipa vinavyouunganisha na utando wa nje vikavutika, na kujigonga kidogo tu kwatosha kuvichana. Babangu alijigonga kwenye mlango wa matatu akasahau. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuburura mguu. Kufikia hapo damu huwa imeyeyuka, nyeusi kama oili chafu ya gari. Madaktari hutoboa fuvu, huiosha, kisha huacha mpira wa kutolea mabaki kwa siku moja au mbili.

Lakini ubongo uliokandamizwa muda mrefu haujazi nafasi yake papo hapo. Pale palipokuwa na damu hubaki majimaji na hewa kidogo, pengine kwa wiki nyingi, hata kwa mgonjwa anayepona vizuri. Ukimpiga picha wakati huo utaviona, ripoti itavitaja, na nyumba nzima haitalala.

Madaktari wa Bern, Uswisi, walilipima jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Wagonjwa walikuwa 361. Kundi moja lilipigwa CT kwa ratiba, jingine lilipigwa pale tu dalili zilipotokea. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa tena kwenye kundi la ratiba walikuwa 59, na kwenye kundi la pili 39, wala wale wa kwanza hawakuwa na hali bora kuliko wenzao. Kwangu mimi hilo ndilo zito: picha isiyoitwa na dalili yaweza kumrudisha mzee kwenye kisu bila faida.

Sisemi mlale usingizi. Damu hurudi kweli, kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila kumi, hasa wiki na miezi ya mwanzo. Kwa hivyo kazi ya kuangalia ni yenu. Sisi kila asubuhi tulimwambia Baba anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, macho amefumba, tuone kama mmoja unashuka. Tulimtazama akijifunga kikoi, akishika kikombe, akitembea hadi mlangoni. Mamangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote, kwani alijua mumewe anavyozungumza. Kila kitu tulikiandika kwenye daftari pamoja na tarehe.

Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akichanganyikiwa, akilala kupita kawaida, ulimi ukiwa mzito, mkono au mguu ukilegea, au akipatwa na kifafa, msingoje miadi. Hapo skani ni ya lazima, siku hiyo hiyo. Sisi wa ng'ambo ya feri tulikubaliana mapema ni gari la nani litakalombeba usiku.

Na daktari wenu akiagiza picha ya marudio, mpelekeni; huenda ameona jambo katika hali ya mgonjwa huyo, au mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo, kama warfarin na aspirini, zisirudishwe mpaka aliyempasua aseme lini. Ombeni CD ya kila skani mkaiweke pamoja na daftari, kwa sababu picha mpya isiyolinganishwa na ya zamani haimwambii daktari kama majimaji yanaongezeka au yanapungua.