Folda ya /run haiundwi kwa mkono

Wanagenzi wangu, nawapenda. Lakini atakayeandika tena `sudo mkdir /run/kitu-fulani`, amri ya kuunda folda kwenye seva ya Linux, mbele yangu, kisha akanyoosha mgongo kana kwamba kazi imekwisha, nitamtuma Marikiti kwa miguu akaniletee mahamri, jua la saa saba.

Kisa chenyewe mnakijua. Huduma, yaani programu inayofanya kazi chinichini ndani ya seva, inakwenda vizuri tangu siku ilipowekwa. Stima inapotea, UPS, betri ya akiba, inakata roho, seva inawaka tena yenyewe, huduma inagoma. Logi inasema `No such file or directory`. Mnaunda folda, mnampa mwenyewe kwa `chown`, huduma inawaka, mnaandika kwenye tiketi "imetatuliwa". Haijatatuliwa hata kidogo. Mmeiahirisha mpaka stima ipotee tena, na mvua za masika zikianza hapa Mombasa hilo halichukui muda mrefu.

1. Jueni /run ni nini kabla ya kuigusa. Ni tmpfs, yaani inakaa kwenye RAM, haiko kwenye diski. Seva ikizimwa, vyote vilivyomo vinakwenda, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ichukulieni kama ubao wa bei wa muuza samaki: hufutwa kila asubuhi kwa sababu bei ya jana humpotosha mnunuzi wa leo. Faili ya PID ya jana, yenye namba ya programu iliyokuwa ikiendeshwa, nayo humpotosha systemd, msimamizi wa huduma za seva, vivyo hivyo. Katika matoleo ya Linux, Fedora 15 ilileta /run mwaka 2011, Debian ikaipokea rasmi katika toleo la 7 mwaka 2013, na mwaka 2015 ikaingizwa kwenye kanuni za FHS 3.0 za mpangilio wa folda. Siku hizi /var/run ni kiungo tu kinachoelekeza /run. Basi ukikuta mwongozo wa zamani unakwambia uunde folda ndani ya /var/run mara moja tu wakati wa kuweka programu, jua aliyeandika mwongozo huo alikuwa na seva ya enzi nyingine, ambako folda hiyo ilikaa kwenye diski na hakuna aliyeifuta.

2. Someni logi kabla ya kugusa kitu. `systemctl status` huonyesha mkia tu. Tumieni `journalctl -u jina -b`, hiyo `-b` ikiwa ni ya kuleta yaliyotokea tangu seva iwake mara ya mwisho, msije mkahangaika na makosa ya mwezi uliopita. Angalieni namba ya kutokea, ile huduma inayoiacha inapokufa. 233 maana yake systemd yenyewe imeshindwa kuandaa folda ya /run. 217 ni mtumiaji hayupo. 200 ni folda ya kufanyia kazi haipo, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. 226 ndiyo inayowapoteza wengi: mara nyingi kuna mstari wa `ReadWritePaths=` unaotaja folda ambayo haijazaliwa, kwa hiyo huduma hufa hata kabla programu yenyewe haijaanza, na nyinyi mko ndani ya faili ya mipangilio ya programu mnatafuta kosa lisilokuwemo. Kijana mmoja alimaliza asubuhi nzima humo, na mimi nikamwacha makusudi. Nisameheni.

3. Folda idaiwe na huduma inayoihitaji. Andikeni `sudo systemctl edit jina`, chini ya `[Service]` wekeni `RuntimeDirectory=jina`, hifadhini, washeni upya huduma. Basi. Jambo hili limo ndani ya systemd tangu toleo la 211 la mwaka 2014, kwa hiyo hakuna kusingizia seva kuwa kuukuu. Ni jina tu, bila `/run/` mbele yake. Mkiandika njia nzima, systemd hulalamika kwenye logi na kuupuuza mstari huo. Mwenye folda atakuwa yule aliyetajwa kwenye `User=`, na ruhusa zitakuwa 0755 msipotaja nyingine.

Wale wanaopenda kuweka mkdir ndani ya `ExecStartPre=`: amri hiyo huendeshwa na mtumiaji wa `User=`, na mtumiaji huyo hana ruhusa ya kuunda kitu juu ya /run. Najua kwamba alama ya `+` mbele ya amri huipa nguvu zote. Najua pia kwamba mnaijua, na ndiyo maana sikutaka kuitaja.

4. Huduma mbili zisichangie RuntimeDirectory moja. Hapa nitakaa, kwa sababu hili nililifanya mimi, nikiwa tayari najiita fundi na watu wakiniita mwalimu.

Mteja alikuwa kampuni ya kuondosha mizigo bandarini. Programu yao ya risiti niliiandika kwa Python, ikiendeshwa na gunicorn, soketi, yaani mlango wa kuongea nayo, ikiwa `/run/risiti/risiti.sock`, na nginx imekaa mbele kupokea wanaofungua ukurasa. Yuniti yake, yaani faili inayomweleza systemd huduma hiyo, ilikuwa safi: `User=risiti`, `RuntimeDirectory=risiti`. Niliizima seva na kuiwasha, huduma ikarudi yenyewe, nikajipongeza. Baadaye wakataka wenye mizigo watumiwe SMS kontena likitoka. Nikaandika huduma ya pili ya kushughulikia foleni ya jumbe, nayo ikahitaji mahali pa kuweka faili yake ya kufuli. Nikafanya anachofanya mtu mwenye njaa ya mchana: nikanakili yuniti ya kwanza, nikabadilisha `ExecStart=`, na mstari wa `RuntimeDirectory=risiti` nikauacha vilevile. Mtumiaji ni yuleyule, folda ni ileile, kuna ubaya gani? Tena kwa kuwa huduma hiyo ya foleni ilikuwa ikivimba na kula RAM, nikaiwekea taima ya kuizima na kuiwasha kila usiku wa manane.

Asubuhi yake dada wa hesabu akapiga simu. "Kaka, mashine inaandika 502." Yaani nginx imekosa jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake. Nikaingia nikiwa nyumbani. `systemctl status` ya gunicorn: kijani kibichi, `active (running)`, haina hata mkwaruzo. Nikaiwasha upya, ikakaa sawa, nikarudi kwenye chai yangu. Kesho yake, simu ileile. Kesho kutwa, ileile. Meneja wao, mzee wa heshima zake, akachukua simu mwenyewe: "Mwanangu, watu hufunga usiku wakafungua asubuhi. Hii mashine yako mbona hufunga asubuhi?" Nikamjibu, "Naiangalia, mzee." Uongo haukuwa. Niliiangalia kweli, ila sikuwa nikiona.

Nikamlaumu nginx, nikaongeza muda wake wa kusubiri. Nikalaumu mtandao. Nikalaumu toleo la gunicorn, nikalipandisha, kisha nikalishusha. Halafu nikafanya lile ambalo hadi leo nikilikumbuka natazama chini: nikaweka cron, amri inayojiendesha kwa saa iliyopangwa, ya kuwasha upya gunicorn kila saa kumi na mbili alfajiri, kabla ofisi haijafunguliwa. Simu zikakoma. Nikamtumia mzee ujumbe kwamba tatizo limepatiwa ufumbuzi. Naye akanishukuru, na kunilipa akanilipa.

Ikaja siku walipofanya kazi usiku kucha, meli imeteremsha, malori yamepanga foleni, makarani wanatoa risiti. Saa nane usiku mashine ikaandika 502, na safari hii hapakuwa na wa kusubiri saa kumi na mbili. Dereva asiye na karatasi hatoki getini, na dereva asiyetoka getini hajui adabu. Nilizisikia sauti zao nyuma ya dada wa hesabu kwenye simu, na sitayaandika waliyoyasema.

Usiku huo, kwa mara ya kwanza, nikaacha kuiwasha upya haraka haraka. Nikafungua skrini mbili. Upande mmoja nikaandika `ss -xl`: soketi ya `/run/risiti/risiti.sock` ipo, inasikiliza. Upande wa pili nikaandika `ls -l /run/risiti`: faili ya kufuli peke yake, soketi haipo. Kernel, kiini cha Linux, inasema ipo, folda inasema haipo, na zote mbili zinasema kweli. Gunicorn alikuwa hai, ameishikilia soketi yake, lakini jina lake lilikuwa limefutwa kwenye folda, na nginx hutafuta kwa jina. Ndipo nikatazama `ls -ld /run/risiti`. Folda ilikuwa na saa 23:00. Gunicorn alikuwa amewaka tangu alfajiri ya jana. Folda imekuwaje changa kuliko mwenyewe?

Seva ilikuwa imewekwa kwa saa za UTC. 23:00 yake ni saa nane usiku yetu. Siku ya kuweka taima niliikumbuka tofauti hiyo ya saa tatu, nikaihesabu vizuri kabisa. Siku zote za kusoma logi nikaisahau, nikawa nachungulia 02:00 ya seva, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, na wakati huo palikuwa shwari.

Nadhani mmeshaelewa. Huduma yenye `RuntimeDirectory=` ikisimama, systemd huifuta folda hiyo na kila kilichomo. Kuwasha upya ni kusimama kwanza. Kila usiku huduma ya foleni ilikuwa ikizimwa, systemd inalipua /run/risiti pamoja na soketi ya jirani, kisha inaunda folda mpya, tupu, yenye mwenyewe sahihi na ruhusa sahihi, ili fundi akichungulia aone folda ipo na apite. Imeandikwa waziwazi ndani ya `man systemd.exec`. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo. Nilisoma nusu ya juu ya aya.

Dawa ikawa kubadilisha mstari mmoja: huduma ya foleni ikapewa `RuntimeDirectory=risiti-foleni`. Cron nikaitoa. Pesa sikurudisha, lakini kazi iliyofuata ya mzee niliifanya bure, na yeye hajui kwa nini.

Ipo pia `RuntimeDirectoryPreserve=`, tangu toleo la 235 la mwaka 2017. Ikiwa `restart`, folda hubaki mnapowasha upya na hufutwa mnapozima. Ikiwa `yes`, hubaki hadi seva izimwe. Ina kazi zake. Kuficha uvivu wa kunakili yuniti si mojawapo.

5. Folda ikibidi kweli itumiwe na wengi, tumieni tmpfiles.d, maagizo ya folda ambazo systemd huziunda seva ikiwaka. Faili moja ndani ya `/etc/tmpfiles.d/`, mstari mmoja kama `d /run/risiti 0755 risiti risiti -`, kisha `systemd-tmpfiles --create` ili msisubiri kuzima seva. Ndani ya `/usr/lib/tmpfiles.d` msiguse, huko ni kwa vifurushi, na sasisho lijalo litafuta mkono wenu. Na huyo mtumiaji awe ndani ya seva yenyewe. Akitoka LDAP, orodha ya watumiaji iliyo kwenye mtandao, folda huundwa mapema mno kabla mtandao haujawa tayari, jina lake halijulikani, na mtarudi kunililia.

6. 777, ruhusa ya kila mtu kufanya lolote, hapana. Sina maelezo zaidi.

7. Si kila folda iliyokosekana ni ugonjwa. Mkiandika `sshd -t` kwenye Ubuntu wakati huduma ya ssh haijawaka, mtaambiwa `Missing privilege separation directory: /run/sshd`. Folda hiyo huundwa na yuniti, na nyinyi mmeirukia programu moja kwa moja. `mysqld_safe` nayo hulia hivyo hivyo kuhusu `/var/run/mysqld` mkiiendesha kwa mkono wakati wa kubadilisha nywila ya root. Hapo, na hapo tu, mkdir nitawaruhusu, kwa sababu ni ya dakika chache. Ndani ya kontena za Docker, si zile za bandarini, kwa kawaida hakuna systemd, basi folda iundwe na hati inayowasha kontena. Kwenye ukoo wa Red Hat, folda ikiwa ipo, ruhusa ziko sawa na huduma bado inakataliwa, jaribuni `restorecon -Rv` kabla ya kuizima SELinux, mlinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida. Mkiizima SELinux bila kuniuliza, rudini kwenye habari ya Marikiti na jua la saa saba.

8. Tiketi haifungwi kabla seva haijazimwa na kuwashwa. Kuwasha upya huduma si jaribio, maana mkdir yenu bado ipo pale inawadanganya. Zimeni mashine nzima, ikirudi andikeni `systemctl --failed`, kisha `ls -ld` kwenye folda, kisha fungueni ukurasa wenyewe kama karani angeufungua. Fanyeni mchana, baada ya kumwambia mteja, na mkiwa na nakala ya data. Seva ikiwa Kilindini na nyinyi mko Nyali, hakikisheni kuna mtu pale mwenye ufunguo wa chumba chake, awe macho na simu yake iwe na chaji. Kwa hiyo isiwe Ijumaa saa saba, mwenye ufunguo yuko msikitini na simu ameizima.