Muulize Mwalimu: Roketi iliyofungwa nyaya

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, Tanga. Nilimwambia mwenzangu kwamba Wafaransa waliwahi kurusha roketi iliyofungwa nyaya, akacheka mpaka wateja wakageuka. Nilidanganywa? Na ile habari ya paka aliyerushwa angani kwa roketi hiyo?

JIBU: Marahaba, fundi. Hukudanganywa. Roketi hiyo ni Véronique, iliyoundwa Vernon, Ufaransa, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Miongoni mwa waliohusika walikuwa wahandisi wa Kijerumani waliotengeneza V-2, kombora la Ujerumani la wakati wa vita hivyo. Haikukusudiwa kuzunguka dunia: ilipanda, ikapima hewa ya juu, ikaanguka.

Kazi ilikuwa kwenye sekunde za mwanzo. Mapezi ya mkiani hunyoosha roketi pale tu upepo unapopita juu yake kwa kasi. Roketi inayoanza kujinyanyua haina kasi hiyo, kwa hiyo upepo kidogo tu unaiinamisha. V-2 ilikuwa na mitambo ya kujiongoza, lakini mitambo hiyo ni mizito na ya gharama. Vernon wakafunga nyaya 4 chini ya roketi, zikikunjuka sawasawa kutoka ardhini kadiri inavyopanda. Ikiegemea upande mmoja, waya wa upande wa pili unakaza na kuirudisha. Ikifika mita 50 na ushee, baruti ndogo zinaziachia nyaya, na kuanzia hapo mapezi yanatosha. Mimi naiona akili kubwa sana hiyo, maana haina kompyuta wala jiroskopu (kifaa cha kuhisi mwinamo).

Waingereza walipita njia nyingine. Roketi yao Skylark, iliyoanza kuruka Woomera, Australia, mwaka 1957, ilitoka ndani ya mnara wenye reli, uliounganishwa kwa vipande vya madaraja ya kijeshi. Ilidumu hadi 2005, safari 441. Kwa umri, Waingereza wameshinda.

Véronique ilirushwa Hammaguir, jangwani Algeria. Baada ya nyaya kuachia haikuongozwa na kitu, kwa hiyo ilihitaji eneo tupu la kuangukia. Mwaka 1959 mwanasayansi Mfaransa Jacques Blamont aliitumia kumwaga mvuke wa sodiamu angani; wingu la manjano likaonekana kutoka chini, na mwendo wake ukaonyesha pepo za huko juu.

Paka naye ni kweli. Jina lake Félicette, na alirushwa kwa Véronique kutoka Hammaguir tarehe 18 Oktoba 1963. Algeria ilikuwa imeshapata uhuru, ila mkataba uliwaruhusu Wafaransa kubaki kituoni hapo hadi 1967. Alirudi hai kwa parachuti. Baadaye wakamuua ili wachunguze ubongo wake, na hilo sijalipenda hata leo.