Maswali na Majibu: Lenzi za Zamani na Unyevu wa Dar

Masika yameingia, na kama kawaida maswali mengi yaliyokuja yananuka fangasi. Yanayouliza "hii naweza kuiuza shilingi ngapi" nimeyaweka kando. Hii si safu ya madalali.

Shikamoo mtaalamu. Nitajie lenzi moja ya zamani iliyo bora kwa anayeanza. (Sinza)

Marahaba. Bora kwa kamera gani? Swali hili huja hivi hivi kila mara, halina jina la kamera, na mimi si mpiga ramli. Kinachoamua ni umbali kutoka kitako cha lenzi hadi kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha badala ya filamu. Lenzi za skrubu za M42, yaani akina Helios, Takumar na Pentacon, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. DSLR za Canon, yaani kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, zina milimita 44, kwa hiyo ringi nyembamba inaziba pengo na unafokasi mpaka upeo wa macho. DSLR za Nikon zina 46.5. Hapo lenzi imeshakaa mbali kuliko inavyotaka: uso wa mtu utaupata, jahazi lililo mbali baharini hulipati. Kuna adapta zenye kioo ndani zinazodai kutibu hilo, nazo zinakuharibia ile picha uliyoifuata. Mwenye Nikon anunue Nikkor ya AI, lenzi ya zamani ya Nikon wenyewe, basi, akijua kwamba kamera ya D3500 na ndugu zake hazitampimia mwanga; D7000 inapima. Wenye kamera zisizo na kioo hicho cha kuakisi, yaani Sony E, Canon RF na Nikon Z, wana umbali wa milimita 18, 20 na 16, kwa hiyo karibu kila lenzi ya zamani inawakaa. Wao waingie tu kwenye menyu waruhusu kamera kupiga bila lenzi, na kama kamera ina kituliza mtikisiko, waiandikie kwa mkono zile milimita za lenzi, kama 50 au 58.

Ukining'ang'aniza jina: yoyote ya milimita 50 hadi 58, f/1.8 au f/2 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa), iliyo safi. Helios 44-2 safi inaishinda Takumar yenye ukungu, na wanaobishana kuhusu majina mtandaoni usiku kucha ndio wanaohifadhi lenzi chini ya kitanda.

Nimenunua lenzi kupitia Instagram. Ndani kuna kitu kama utando wa buibui. Muuzaji anasema ni vumbi tu, halionekani kwenye picha. (Tabata)

Umepigwa. Vumbi ni nukta nukta. Nyuzi zenye matawi ni fangasi. Ukiwa nayo kidogo, kweli kwenye picha ya kawaida huenda usiione. Piga ukilielekea jua ndipo utaona weusi wote umegeuka maziwa.

Fangasi hula vumbi, mafuta ya vidole na grisi, kisha hutoa asidi inayokwangua rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Mahali palipokwanguliwa hapapakwi upya. Kama imeota kwenye kioo cha mbele au cha nyuma kinachofikika, chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, lowesha pamba kidogo, iache juu ya kioo kwa dakika moja, futa, halafu malizia na alkoholi ya aisopropili na kitambaa laini. Ikiwa imeota katikati, inahitaji kufunguliwa, na bisibisi ya fundi simu itakula vichwa vya skrubu kabla hujafika kwenye fangasi yenyewe. Lenzi ya bei ndogo iache ilivyo, itumie mpaka ichoke. Na jiki isikaribie kabisa, kwenye kioo wala kwenye kemikali nyingine yoyote ya kusafishia.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wanaogopa kwamba lenzi mgonjwa itaambukiza nzima. Mbegu za fangasi zimo hewani tayari, nyumbani kwako na kwangu. Kinachozifanya ziote ni unyevu, na unyevu wa hewa wa Dar hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, wakati fangasi huanza kujisikia nyumbani ukivuka 60. Kwa hiyo: kontena la plastiki la chakula lenye mpira mfunikoni na vibanio pande nne, la lita kama 10. Ndani weka silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, gramu 200 hadi 300 kwenye mfuko wa kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Lenga asilimia 40 hadi 50. Kikipanda kufika 55, kausha silika: ile ya rangi ya chungwa iweke kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, na sufuria yake isirudi jikoni. Silika ya bluu ina kobalti ambayo ni sumu, usiinunue kabisa.

Mchele hapana. Sijui nani alianzisha habari ya mchele, lakini unaleta wanga na vumbi, yaani unawaletea fangasi chakula mezani. Vifuko vya ngozi vya asili vilivyokuja na kamera navyo hapana: ngozi inanyonya maji na kuyatunza. Kifuko kiweke kabatini kwa ajili ya mapambo. Na ukitoka kwenye gari au ofisi yenye kiyoyozi kikali, usifungue begi papo hapo. Liache limefungwa nusu saa lipate joto la nje, vinginevyo lenzi nzima itatoka jasho, ndani na nje.

Ukinunua tena, mwambie muuzaji afungue tundu lote, awashe tochi ya simu nyuma ya lenzi na akutumie video akiizungusha mbele ya kamera. Anayekwambia "tuma na ya kutolea" kabla hujaona tochi ikipita kwenye kioo, mwache na lenzi yake.

Naweza kusafisha lenzi kwa spiriti ya bluu? (Ukonga)

Hapana, ina rangi na uchafu unaobaki kwenye kioo.

Zenit-E ya marehemu baba. Kipima mwanga kimekufa. Je, ni mzima wa kutumika? (Kigamboni)

Kamera ni nzima, macho yake tu ndiyo yamekwisha. Kipima chake ni cha seleniamu, hakitumii betri, na kikishachoka hakiamki. Shata yake, yale mapazia yanayopitisha mwanga, ni ya makenika tupu, kwa hiyo haikutegemei hata kwa senti ya umeme. Fungua mgongo bila filamu, elekeza dirishani, piga spidi zote kuanzia 1/30 hadi 1/500 na utazame: kila mara uone mwanga ukipita kwenye fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi kwenye 1/500, pazia moja linachechemea. Tumia spidi za chini.

Mwanga utaukadiria. Jua kali bila wingu: f/16, na spidi iliyo karibu na namba ya filamu (ISO). Filamu ya 200 ni 1/250. Ya 400 ni 1/500. Mawingu ya kawaida f/8, wingu zito la masika f/5.6, kivuli cha mwembe f/5.6 au hata f/4. Hapo ndipo kuna mtego wa Dar: ukiweka filamu ya 400 na kwenda Coco saa sita mchana, Zenit imefika mwisho wa spidi na Helios imefika mwisho wa tundu, huna pa kukimbilia. Ile mandhari ya nyuma inayozunguka, ambayo watu huinunulia Helios, utaisahau, maana inataka f/2. Weka filamu ya 100 au 200, na usubiri saa kumi na moja na nusu jioni. Jua la utosi linatia watu matundu meusi machoni. Kama ni lazima upige uso wakati huo, msogeze mtu kivulini au fungua tundu hatua mbili (kila hatua huongeza mwanga maradufu). Filamu ya negativu inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukisita, zidisha.

Wenye kamera za FED na Zorki wasome hapa pia: vuta kwanza filamu, ndipo ubadilishe spidi. Ukigeuza kabla ya kuvuta unaweza kuvunja kifaa ndani.

Nimezunguka Kariakoo yote natafuta betri ya PX625 ya kamera ya Canonet. (Temeke)

Umezunguka bure. Ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na haitengenezwi tena kwa sababu ya hiyo zebaki. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5 inayofanana umbo, sindano ya kipima mwanga inapanda kupita kiasi, kamera inadhani mwanga ni mwingi na picha zinatoka nyeusi. Tafuta betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia. Ina volti 1.4, na kwa kuwa ni nyembamba izungushie ringi ya mpira ikae katikati. Inavuta hewa, kwa hiyo ukishabandua karatasi yake imeanza kufa, utumie usitumie. Pentax K1000 haina shida hii, inakula LR44 ya kawaida, lakini haina swichi ya kuzima: isipofunikwa lenzi, kipima kinakunywa betri mchana kutwa.

Super-Takumar yangu 50mm f/1.4 imekuwa ya njano kama chai. Na rafiki ananiambia ina mionzi. Niitupe? (Mbezi Beach)

Usiitupe. Rafiki hajakosea: toleo lenye vioo saba lina kioo chenye thoriamu, na thoriamu ndiyo iliyokitia unjano. Kwa mpiga picha wa kawaida mionzi hiyo ni midogo. Usiifungue ukaanza kukwangua kioo, wala usiifanye darubini ya kuchungulia kwa jicho kila siku. Unjano unaondoka kwa mwanga wa urujuani. Taa ya kukaushia kucha za jeli, ile ya saluni, inafaa sana: lenzi iweke ndani na karatasi ya alumini chini yake, iwake kwa vipindi siku kadhaa. Wengine wanaianika dirishani. Wakifanya hivyo bila kifuniko upande mmoja, lenzi inakusanya jua na kuunguza pazia la dirisha, na joto linaiyeyusha grisi mpaka inafika kwenye vibati vya tundu. Vibati vikishalowa mafuta vinagoma kufunga kwa wakati, hapo umeponya unjano ukanunua ugonjwa mwingine.

Nimepiga picha 36, filamu imetoka tupu kabisa. Fundi aliyesafisha ameniharibia? (Kinondoni)

Angalia ukingo wa filamu. Kama namba na maandishi ya kiwanda yameonekana, fundi hana kosa. Yaelekea filamu haikuwahi kusogea. Ulipoiweka, ulimi haukushika kwenye spuli. Baada ya kufunga mgongo, kaza kidogo kitufe cha kurudishia filamu, kisha vuta mara mbili huku ukikitazama: kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, fungua uanze upya.

Nataka kusafisha filamu ya HP5, ya nyeusi na nyeupe, nyumbani kwa kahawa. Inawezekana? (Ubungo)

Inawezekana, na kwa nchi inayolima robusta kule Kagera ni aibu kununua dawa ya nje kabla ya kujaribu. Kwa lita moja: soda ya kufulia gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, Africafe gramu 40. Anza na soda mpaka iyeyuke yote, kisha vitamini C, itachemka kidogo, mwisho kahawa. Iache dakika tano itulie. Dakika 15 kwa nyuzi 20.

Soda ndiyo inawaangusha wengi. Inayotakiwa ni sodiamu kaboneti. Magadi ya sokoni yamechanganyika na baikaboneti na uchafu, kipimo chake hakitabiriki. Chukua soda ya kuokea ya dukani gramu 85, iweke kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa nzima. Inatoa maji na hewa, na inabaki karibu gramu 54 za kaboneti safi. Soda kali ya kuzibulia mabomba ni kitu kingine kabisa, inababua ngozi. Vitamini C iwe tupu, si vidonge vya ladha ya chungwa.

Joto ni tatizo la pili. Bomba la Dar linatoa maji ya nyuzi 27 na zaidi. Hapo muda unashuka karibu nusu na filamu inaweza kutoka na mabaka. Beseni la maji na chupa mbili za barafu: shusha hadi 24, na utumie kama dakika 10 na nusu. Kisha maji ya kusuuzia na dawa ya kugandisha picha (fixer) viwe kwenye joto hilo hilo, visitofautiane zaidi ya nyuzi mbili tatu, maana ngozi ya filamu inapasuka kama tope lililokauka.

Dawa ya kugandisha haina mbadala jikoni. Chumvi ya mezani inayosifiwa huko mitandaoni inataka siku nzima au zaidi na bado haiaminiki. Tafuta sodiamu thayosalfeti kwenye maduka ya kemikali za maabara. Tumbukiza kipande cha filamu mbichi, hesabu muda mpaka kiwe wazi, zidisha kwa mbili. Dawa iliyotumika ina fedha ndani yake, usiimwage kwenye bustani wala karibu na kisima. Kuosha: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, jaza, pindua 20. Mwisho suuza kwa maji ya betri ya kituo cha mafuta, kwani maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi na yataacha madoa. Nimesema maji ya betri, si asidi ya betri. Soma chupa.

Nimepewa filamu za rangi zilizokwisha muda 2004. (Mbagala)

Zidisha mwanga hatua moja kwa kila miaka kumi, kwa hiyo kwa miaka ishirini ni hatua mbili: ya 200 ipige kama 50. Kama zilikaa kwenye droo ya Dar na si kwenye friji, tarajia chembe na rangi iliyopotea, usizipeleke harusini. Nyeusi na nyeupe huvumilia zaidi. Mpya zako zitunze kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uzitoe saa mbili kabla ya kuzifungua.

Nasafiri na filamu kupitia uwanja wa Julius Nyerere. Niziweke kwenye begi kubwa? (Segerea)

Kamwe. Begi linaloingia mizigoni linapigwa mionzi mikali inayochoma filamu yoyote. Zibebe mkononi, zitoe kwenye vikasha, ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha, na uombe kwa heshima zikaguliwe kwa mkono. Mashine za zamani za mizigo ya mkononi haziiumizi sana filamu ya 400 kwa mara moja. Mashine mpya za CT, ambazo utazikuta kwenye viwanja vingi huko uendako, zinaiumiza hata ya 200. Fika mapema, na iliyomo kwenye kamera imalize na uirudishe kabla ya kupanga foleni.