Mamogramu imetoka safi, lakini chuchu bado imezama

SWALI: Daktari, nina miaka 41. Miezi mitatu iliyopita niliona chuchu ya titi la kushoto imeanza kuvutwa ndani. Pembeni yake pamekuwa pagumu kidogo, ingawa sioni donge la kushika. Siumwi. Daktari alinipapasa, nikapigwa mamogramu, nikaambiwa ni salama, ni homoni tu. Nimerudi tena, jibu ni lile lile. Je, nahangaika bure?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Huhangaiki bure. Sisemi una saratani: mabadiliko mengi ya matiti hayatokani nayo, na chuchu huweza kuzama kwa sababu nyingine, kama mirija ya maziwa kutanuka na kuvimba. Ila chuchu iliyokuwa nje miaka yote, sasa ikazama upande mmoja, lazima ipatiwe sababu. Homoni kwa kawaida hugusa matiti yote mawili, tena huja na kuondoka kufuatana na hedhi. Yako ni upande mmoja na haijaondoka. Kutoumwa nako kusikutulize wala kukutisha, maana saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu.

Sasa hiyo mamogramu. Ni picha ya eksirei: mafuta hutokea meusi, tishu za tezi hutokea nyeupe, na uvimbe nao mweupe. Titi likiwa na tishu nyingi za tezi, weupe hufichwa na weupe. Tena kuna aina ya saratani inayoanzia kwenye vijitezi vinavyotengeneza maziwa, ambayo seli zake hutambaa kwa safu nyembamba badala ya kujikusanya kuwa donge. Dalili zake huweza kuwa ugumu usio na mipaka, au chuchu kuvutwa. Aina hiyo huiponyoka mamogramu kirahisi kuliko nyingine. Ndiyo maana mamogramu safi haifungi jalada la mtu mwenye dalili inayoonekana kwa macho.

Uchunguzi kamili una hatua tatu: mkono wa daktari, picha, na pale inapobidi, biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe maabara. Majibu yote lazima yakubaliane. Mkono ukihisi ugumu na picha ikasema hakuna kitu, hayajakubaliana. Wewe hujataja ultrasaundi, na hiyo ndiyo ningeidai kwanza, ielekezwe pale pale penye ugumu. Isipotoa maelezo, kuna MRI ya matiti, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku.

Jambo moja watu hawaliulizi: fomu ya kuombea mamogramu iliandikwa nini? Ikiwa iliandikwa kama kipimo cha kawaida cha mtu asiye na dalili, aliyesoma picha huenda hakujua atazame wapi. Omba ripoti, uone kama chuchu imetajwa, na kama imeandikwa tishu zako ni nzito, yaani titi lina tishu nyingi za tezi.

Wasomaji wengine, mnaotibiwa maambukizi ya titi: wekundu na ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa visipopungua baada ya wiki moja au mbili za antibayotiki, rudini mkapimwe zaidi. Vivyo hivyo ukurutu wa chuchu moja usiosikia dawa, na damu inayotoka yenyewe kwenye chuchu.

Dada, usilikandamize titi kila siku. Utaumia na bado hutajua lolote jipya. Lipige picha kwa simu leo uwe na kumbukumbu, kisha rudi kliniki wiki hii. Usiulize "ni salama?" Sema: "Chuchu hii imezama tangu miezi mitatu. Nini kinaivuta, na saratani imeondolewa kwa kipimo gani?" Kisha omba jibu liandikwe kwenye faili lako. Kama hawana la kusema, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa matiti, na uende na picha zenyewe za mamogramu, si karatasi ya majibu peke yake.