Maswali na Majibu: Je, jeshi linaweza kujengwa vita inapoanza?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Niliwaeleza wanafunzi kwamba katika Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, jeshi letu liliongezeka kwa muda mfupi kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000. Mmoja akauliza kwa nini basi tugharimie jeshi wakati wa amani, ikiwa vijana wanaweza kukusanywa vita inapoanza. Nimjibu nini?

JIBU: Ndugu Mwalimu, idadi uliyowapa inakubalika. Kosa limo katika kudhani kwamba jeshi lile lilijengwa mwishoni mwa mwaka 1978, nami hukutana na kosa hilo karibu kila ninapozungumza na vijana. Walioitwa kujaza vikosi baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka hawakuokotwa barabarani. Wengi walikuwa wanamgambo, na mgambo ulikuwa umetiliwa mkazo tangu Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa mwaka 1971, ulioandikwa baada ya Wareno kuishambulia Guinea mnamo Novemba 1970 na Amin kumpindua Rais Milton Obote wa Uganda miezi miwili baadaye. Wengine walikuwa wamepitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na wengine walitoka polisi na magereza. Watu hao walifika kambini wakiwa wanajua kwata na bunduki, na, lililo kubwa zaidi, wakiwa wamezoea kupokea amri.

Hata hao wasingefaa kitu kama pasingekuwa na wa kuwapokea. Askari wa miguu hufunzwa kwa miezi, lakini sajenti anayeweza kuishikilia platuni, yaani kikosi kidogo cha makumi ya askari, isitawanyike inapopigwa mizinga hupatikana kwa miaka, wala hakuna kambi ya mafunzo inayoweza kumtoa kwa haraka. Ndiyo sababu jeshi linalotaka kukua huvigawa vikosi vyake vya zamani, maofisa na masajenti wake wakawe uti wa mgongo wa brigedi mpya, yaani vikosi vikubwa vya maelfu ya askari. Wajerumani walilijua hilo mapema: Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulipowawekea ukomo wa askari 100,000, na maofisa 4,000 tu ndani yao, mkuu wa jeshi lao, Hans von Seeckt, aliwaandaa watu wake kushika vyeo vya juu zaidi ya walivyokuwa navyo. Hata hivyo, mwaka 1935 Hitler alipotangaza kuunda divisheni 36, ambazo ni kubwa kuliko brigedi, uhaba wa maofisa uliwasumbua.

Tena watu si kila kitu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kagera ni zaidi ya kilomita 1,000. Serikali ililazimika kuchukua malori na mabasi ya raia, na daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Brigedi isiyo na ugavi haifiki vitani, hata ikiwa na vijana hodari namna gani.

Hapa ndipo wanaponikera wale wanaojiita wachambuzi, ambao huyapanga majeshi ya dunia kwa nafasi kwa kuhesabu askari na vifaru, kisha huwashauri watu kwamba mafunzo ya wiki sita yanatosha kuziba pengo. Hawaulizi kikosi kina masajenti wangapi, wala risasi zilizo ghalani zitatosha siku ngapi. Msomaji anayeyaamini majedwali hayo hupotoshwa, na kiongozi anayeyaamini atawapeleka vijana kufa bure.

Upande wa kupunguza jeshi una hatari hiyohiyo ya kuhesabu tu, ingawa hauzungumzwi sana. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vile, vinavyokadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500, viliiacha nchi isiweze kulisha jeshi la ukubwa ule, hivyo maelfu ya wanamgambo walirudishwa mashambani na kazini. Hilo linawezekana ikiwa wanaoondoka ni wale waliokuja kujaza nafasi. Serikali inayopunguza kwa kutazama orodha ya mishahara peke yake huanza na masajenti wakongwe, kwa kuwa wanalipwa zaidi kuliko askari wapya.