Ndugu yako kagongwa na lori? Usisaini karatasi yoyote msibani

Naandika hii nikiwafikiria watu ambao sasa hivi wako kwenye turubai la msiba au wamekaa nje ya wodi ya mifupa, kwa sababu kwetu Mbeya tunazijua hizi ajali, barabara ya Tunduma malori hayalali, na ile miteremko ya Iwambi kuja Mbalizi na kule Inyala imeshazimaliza familia nyingi sana. Shemeji yangu, mume wa dada, aligongwa na semi iliyofeli breki akiwa kwenye bodaboda yake, akafia palepale, na mdogo wake aliyekuwa amempakia akavunjika mguu na nyonga. Kwahiyo tumedai fidia ya marehemu na fidia ya majeruhi kwa wakati mmoja, na kuna mambo nataka myajue mapema.

La kwanza kabisa, na kama utasoma hili tu inatosha. Tajiri wa lori au mtu wake atakuja msibani. Atakuja mapema, na atakuja vizuri, na mchele, mafuta, pesa ya jeneza, bahasha ya rambirambi, na wala sisemi kila anayekuja ana nia mbaya, wengine wanaumia kweli. Ila angalia kama ana karatasi. Sisi ililetwa imeshachapwa, inasema familia imepokea kiasi fulani na haitadai tena chochote kwa dereva, mwenye gari wala kampuni ya bima, halafu chini pameachwa nafasi ya dada kuweka dole gumba, mtu ambaye hata maji alikuwa hanywi. Mjomba wetu akawaambia, "Wanangu, kwa ubani tunashukuru, Mungu awabariki, ila hiyo karatasi hapa sio mahali pake, tukishazika tukatulia tutaongea." Basi. Rambirambi mlipokee, ni utu na ni mila zetu, lakini kupokea rambirambi hakuwafungi, kinachowafunga ni sahihi. Na wakati mwingine hiyo karatasi inaletwa kituoni, unaambiwa saini hapa tuyamalize kifamilia, jibu ni hilohilo.

Wakati wengine wanashughulika na mazishi, chagueni kijana mmoja mwenye akili na simu nzuri, kazi yake iwe ushahidi tu. Aende lilipo gari kabla halijaachiwa, maana linakaguliwa na tajiri anakimbizana litoke likaendelee na kazi. Apige picha namba ya kichwa NA namba ya tela, hapa watu wengi wanapitwa, kichwa kina usajili wake na tela lina usajili wake, bima zinaweza kuwa tofauti na hata wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti. Apige matairi, alama za breki barabarani, jina lililoandikwa mlangoni, mzigo uliobebwa. Kuangalia bima siku hizi sio lazima umuombe mtu, unaingia mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, mtandaoni unaweka namba ya gari inakuletea kampuni iliyokata bima na tarehe ya kuisha, chukua skrinishoti siku hiyohiyo. Kama gari ni la Zambia, Kongo au Malawi msikate tamaa mkadhani likivuka Tunduma ndo imekula kwenu, magari hayo yanatakiwa kuwa na kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ndo bima yao ya kuvuka mipaka, na Tanzania japo ilijitoa COMESA mwaka 2000 ilibaki kwenye huo mpango wa bima, kwahiyo madai mnafungua hapahapa nyumbani. Pigeni picha hiyo kadi, namba yake ndo kila kitu.

Majeruhi ahakikishe ana PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na nakala yake ibaki nyumbani. Polisi mfuatilie ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Na ile kesi ya jinai ya dereva msiiache ijiendee yenyewe kwa sababu eti ni ya serikali. Hapa wakili wetu alitufungua macho, dereva akikiri au akitiwa hatiani hata kama ataishia kulipa faini na kwenda zake, ile hukumu inatumika kama ushahidi kwenye kesi yenu ya madai, huhitaji tena kuanza upya kubishana nani alikuwa na makosa. Kwahiyo mtu wa familia awe anahudhuria, na ikiisha muombe nakala ya hukumu yenye muhuri.

Kuna ushahidi mwingine upo kwa tajiri mwenyewe. Malori mengi ya safari ndefu yana GPS, inaonyesha gari lilikuwa spidi ngapi na dereva ameendesha masaa mangapi bila kupumzika. Na kwenye mizani, Vigwaza, Wenda, Makambako, Mpemba, uzito unapimwa, sheria ya Afrika Mashariki mwisho ni tani 56 gari na mzigo wake. Lori lililozidisha likifeli breki mlimani hiyo sio kazi ya Mungu. Wakili aandike barua mapema kutaka hizo rekodi zitunzwe, mkichelewa mtaambiwa zimefutika.

Sasa pesa yenyewe inatoka wapi. Bima ndogo, ile ya lazima, ipo kwa ajili ya watu kama sisi, waliogongwa. Ukienda mahakamani unamshtaki dereva na mwenye gari, bima inakuja kulipa kile mahakama ilichoamua, ila lazima ipewe taarifa ya kesi kwa maandishi, msipowapa taarifa mapema wanapata pa kutokea. Mara nyingi wenyewe watataka mmalizane nje ya mahakama, sio vibaya, ila kuna karatasi utapewa usaini kwamba umelipwa na umemaliza, na mgonjwa ambaye bado ana vyuma mguuni asisaini hiyo kabla daktari hajaandika ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Mdogo wake shemeji alirudishwa chumba cha upasuaji baada ya watu wa bima kuwa wameshaleta ofa yao ya kwanza. Mkizungushwa au mkipewa kiasi cha kudhalilisha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kulalamika kwake ni bure.

Ambao nawaonea huruma sana ni wakina mama wa nyanya na ndizi wanaopanda juu ya Fuso na mzigo wao. Bima inaweza kukataa ikasema hilo ni gari la mizigo sio la abiria, hapo mnabaki kumbana tajiri mwenyewe. Utingo na dereva wao wana njia nyingine, walikuwa kazini, familia iende WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Gharama zote mlizotoa mahakama inataka risiti. Jeneza, gari la kusafirisha mwili, dawa, magongo, hata bodaboda ya kwenda hospitali muombe aandike kwenye karatasi. Na kipato cha marehemu kama hakuwa na salary slip msiseme hana ushahidi, chukueni taarifa ya M-Pesa, daftari la VICOBA, mkataba wa bodaboda, risiti za ada za watoto alizokuwa analipa.

Mawakili wanaojitokeza mochwari na kadi mkononi muwaogope. Jina la wakili unalitafuta mtandaoni kwenye e-Wakili, orodha ya mawakili ya Mahakama, kama halipo huyo ni kishoka. Asilimia yake iandikwe kabla ya kuanza. Muda wa kufungua madai ni miaka 3 toka ajali, inaonekana mingi ila mirathi peke yake inakula miezi, kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo RITA, Mahakama ya Mwanzo, na bila msimamizi wa mirathi hakuna wa kudai kwa niaba ya marehemu. Kama gari ni la serikali kuna notisi ya siku 90 kabla hata hamjafungua, kwahiyo muda ni mfupi zaidi.

Na kwenye kikao cha ukoo semeni wazi kabla pesa haijaingia, fidia ya kifo ni ya waliokuwa wanamtegemea, mke au mume, watoto, wazazi. Sio ya ukoo mzima. Kwetu baba mdogo mmoja alishaanza kuigawa kabla hata wakili hajapatikana, dada akawa analia chumbani. Sehemu ya watoto wadogo mwambieni wakili aiombe mahakama ielekeze iwekwe benki kwa majina yao, itoke kwa ada na matibabu tu, na hilo liandikwe kwenye amri yenyewe, sio liachwe kwenye maneno ya kikao.